Ndengu Kwenye Kiti cha Nyuma

Mke wangu ana kipaji ambacho sijakiona kwa mtu mwingine yeyote: anaweza kulala kwenye pikipiki ikiwa inatembea. Simsingizii. Jumapili jioni, tukitoka kanisani Ziwani, mtaa aliozaliwa na ambako anaimba kwaya hadi leo, alikuwa akipanda nyuma yangu, anatoa leso kwenye mkoba, anaizungusha viunoni mwetu sote wawili na kupiga fundo tumboni kwangu. Kisha anatia mikono kwenye mifuko ya jaketi langu. Kabla hatujaimaliza Barabara ya Jogoo nilikuwa nikisikia helmeti yake ikinigonga mgongoni, ko, ko, ko, taratibu. Hapo najua ameshachukuliwa na usingizi. Kuanzia hapo hadi kwetu Komarock naendesha kama niliyebeba trei ya mayai.

Majirani walitucheka sana. Mimi ni mwembamba, yeye Mungu amemjalia mwili, na mama mboga wa pale getini hakuchoka kuuliza ni wapi duniani mtoto amewahi kumbeba mama yake kwa leso. Mke wangu alimjibu kwamba kwao magharibi watu wakishashiba hulala, na mimi Mkamba wa watu kazi yangu ni kuendesha na kunyamaza. Nilipenda kunyamaza huko. Mimi ni karani kwenye ghala moja eneo la viwanda, kutwa nasikia malori yakirudi nyuma na watu wakizozana juu ya mizigo. Zile jioni za Jumapili, uzito wake wote umeniegemea, ndizo zilizokuwa mapumziko yangu ya wiki nzima.

Halafu nikayaharibu mambo kwa mikono yangu mwenyewe, na kwa sababu ya kijinga kabisa. Nilitaka sauti.

Nina rafiki wa mtaa wa Kayole tunayeendesha naye pikipiki siku za Jumamosi, mtu mwenye maneno mengi na breki chache. Yake ilikuwa na bomba pana la moshi, egzosi isiyo na kizuizi ndani, na akipita Spine Road vioo vya madukani vinatetemeka. Yangu, ya silinda mbili, niliyoipata ikiwa imeshatumika na wengine, ilikuwa ikilia kama cherehani. Basi nikaweka egzosi kama yake, na yeye akanishawishi niweke na filta ya hewa ya wazi, eti injini ipumue. Ikapumua kweli. Siku ya kwanza niliiwasha mbele ya jengo letu nikatabasamu peke yangu mpaka mashavu yakauma.

Sasa, pikipiki yangu si ya kabureta. Ina kompyuta ndogo chini ya kiti, na hiyo ndiyo inayoamua petroli kiasi gani inyunyizwe kwenye injini. Walioiunda waliipimia petroli kwa egzosi ya kwanza na filta ya kwanza. Mimi nilipobadilisha, hewa ikaingia kwa wingi, kompyuta isijue lolote, ikaendelea kutoa petroli ile ile ya zamani. Injini ikawa kama mtu aliyepewa ugali wa mtoto kisha akaambiwa akalime shamba zima. Ukivuta mafuta kidogo inasita, halafu inaruka. Ukiachilia, inapasuka nyuma, pa! pa! Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifunga kibwebwe kutosikia kasoro yoyote, nikasema ni tabia ya pikipiki kubwa.

Mke wangu alivumilia safari ya kwenda kanisani. Ya kurudi ilimshinda. Tulipoanza kupanda daraja la Donholm injini ikasita, ikaruka, helmeti yake ikanigonga kisogoni kwa kishindo, nami kwa kushtuka nikaachilia mafuta. Ikapasuka. Muuza karanga aliyekuwa kando ya barabara akalala chini kifudifudi na karanga zake. Huku kwetu mlio kama huo mtu hasubiri kuuliza ni wa nini.

Nilisimama baada ya daraja. Nilimsikia mke wangu akifungua fundo tumboni kwangu. Akaikunja leso vizuri, akaitia mkobani juu ya kitabu cha nyimbo, akaenda kumwomba msamaha muuza karanga kwa niaba yangu. Kisha akasimamisha boda boda.

"Mimi nitapanda ikishapona," akaniambia.

"Si mgonjwa hii. Ni egzosi mpya tu."

"Baba watoto, nimelala nyuma yako miaka yote hii. Nikikuambia ni mgonjwa, ni mgonjwa."

Akaondoka. Niliitazama ile boda boda ikipenya kati ya magari, mkono wa mke wangu umeshika bega la kijana nisiyemjua, nikaona wivu. Naliandika neno hilo bila aibu. Nilifika nyumbani nikamkuta ameshavua viatu.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa kutafuta dawa. Kila mwendesha pikipiki niliyemuuliza aliniambia jibu ni moja, kiboksi cha kurekebisha mafuta, kile kinachoifundisha injini kupokea petroli kulingana na hewa yake mpya. Shida ilikuwa kwamba viboksi si vya aina moja, na kila mtu ana chake anachokiapia kama dini.

Jumamosi huwa tunakutana kwenye kituo kimoja cha petroli Barabara ya Kangundo, tunakunywa soda na kutia chumvi hadithi zetu. Nililiweka jambo langu mezani. Rafiki yangu wa Kayole akaruka wa kwanza.

"Buda, achana na viboksi. Flashi hiyo kompyuta. Kuna msee hapo tao ana laptopu, anafuta kila kitu ya kiwanda anaweka mapu mpya. Mapu ya ulaya. Nduthi yako inatoka hapo ikitema moto."

"Na kupasuka kutaisha?"

"Kuishe aje? Kupasuka ndiyo raha yenyewe! Anaweza hata kukuongezea."

Mwingine, mzee mmoja dereva wa zamani, alitetea kiboksi chenye vitufe vitatu: kimoja cha mwendo wa chini, kimoja cha katikati, kimoja cha juu. Unaongeza petroli kwa kidole, unaendesha, unasikiliza, unaongeza tena. Alisema hana haja na kompyuta inayomshinda akili. Wa tatu akataka kujua kwanza mimi natafuta nini hasa. Nguvu ama spidi?

"Nataka mke wangu asinzie," nikasema.

Walicheka mpaka mmoja akamwaga soda. Nami nikacheka nao, lakini moyoni niliona ni ajabu. Waume wazima, wote wana kiti cha nyuma, na hakuna hata mmoja aliyewahi kufikiria kwamba pikipiki huweza kutengenezewa yule aliyekaa huko.

Nilitafakari wiki ile yote, kazini na kitandani. Ile ya kufuta kompyuta niliiogopa. Mapu ya mtu wa ulaya, yaani vipimo vyake vya petroli, ni ya barabara za ulaya na hewa ya ulaya, na mimi naishi huku juu Nairobi kwenye hewa nyepesi, napanda madaraja nyuma ya malori. Tena ikifutwa imefutwa. Nikitaka kurudi nilikotoka nimwendee tena yule msee na laptopu yake. Vitufe vitatu nilivipenda kwa urahisi wake, ila ukiongeza petroli ya katikati unaiongeza katikati yote, panapohitaji na pasipohitaji. Ingekuwa kama kutia chumvi kwenye sufuria kwa sepetu.

Cha tatu nilikipata kwa fundi mmoja wa Kayole, mwenye karakana nyuma ya safu ya maduka. Fundi huyu alianza na kabureta na hafichi kwamba anazikumbuka kama mtu anavyomkumbuka mpenzi wa kwanza. Anajipiga kifua sana, na nusu ya anayosema ni chuku, lakini ana mikono safi na halipui kazi. Alinionyesha kiboksi chenye waya mrefu, na mwisho wa waya sensa moja ya kuchomekwa ndani ya egzosi.

"Hii inanusa moshi, mkubwa. Ikinusa petroli ni kidogo, inaongeza. Ikinusa imezidi, inapunguza. Wewe unaendesha tu, yenyewe inajifunza."

"Inajifunza kutoka kwa nani?"

"Kutoka kwako! Vile unaendesha, ndivyo inajua."

"Na nikitaka kuitoa?"

"Unachomoa hizi soketi mbili, unarudisha za kwanza. Kompyuta ya kiwanda haijaguswa hata nywele."

Hapo nikakata shauri. Nilipenda kitu kinachojifunza, na nilipenda zaidi kitu kinachoweza kutoka bila kinyongo. Fundi akachomelea nati kwenye egzosi, akafunga sensa, akapitisha waya chini ya tangi, akaniambia niende zangu nikaendeshe kila mahali.

Nikaendesha. Asubuhi kwenda kazini, jioni kurudi, Jumamosi hadi Tala na kurudi. Siku baada ya siku nilihisi ile njaa ya injini ikipungua. Milipuko ya nyuma ikawa minong'ono, halafu ikakoma. Sauti ikabaki nene, nzuri, bila hasira. Furaha niliyokuwa nayo siku ile nilipoachilia mafuta nikateremka kwa utulivu mpaka getini kwetu ilikuwa kubwa kuliko ya siku ile ya kutabasamu peke yangu. Nilipanda ngazi mbili mbili.

"Imepona," nikamwambia mke wangu.

Jumapili akapanda. Akatoa leso, akafunga fundo. Kwenda ilikuwa asubuhi, njia nyeupe, hatukupata neno. Kurudi, Barabara ya Jogoo ilikuwa laini kama uji, na nilikuwa nimeshaanza kujisifu kimoyomoyo. Tukafika daraja la Donholm nyuma ya lori la mchanga. Nikavuta mafuta kupanda. Injini ikasita, ikaruka. Si kama zamani, lakini ilisita na ikaruka, na helmeti ikanigonga kisogoni.

Nilisimama mahali pale pale. Vidole vikaja kwenye fundo.

"Haijapona," akasema. "Imepata nafuu." Akasimamisha boda boda.

Niliumia kuliko mara ya kwanza, maana safari hii nilikuwa nimeahidi. Kesho yake nilimwendea fundi nimefura. Nilimwambia kiboksi chake hakijajifunza lolote, na huenda mwalimu wake pia. Hakukasirika. Alichomeka kompyuta yake, akageuza kioo nione jedwali lenye visanduku vingi, vingine vya rangi, vingine vyeupe.

"Unaona hizi? Chukulia ni vyumba vya kupanga kwenye ploti. Kila chumba ni mwendo fulani wa injini na kiasi fulani umevuta mafuta. Hii kitu inajua vyumba umeingia tu. Hizi za rangi umeingia. Hizi nyeupe hapa, hujawahi kufungua mlango."

"Kwa nini sijaingia na nimeendesha mpaka makalio yamekufa ganzi?"

"Kwa sababu uko mwepesi na uko peke yako! Kupanda daraja ukiwa peke yako unavuta mafuta kidogo. Ukibeba mama, ule mlima ni ule, mwendo ni ule, lakini lazima uvute zaidi. Hapo umeingia chumba kingine. Na hicho bado kina petroli ya zamani." Akafunga kompyuta. "Mlete mama, muendeshe hizo milima pamoja. Siku chache tu."

"Mama hapandi mpaka ipone."

"Na haiponi mpaka apande."

Fundi akajikuna kisogo, akasema kabureta hazikuwa na mambo kama haya.

Rafiki yangu wa Kayole alijitolea kuwa abiria. Tulizunguka mara moja hadi Njiru, naye njia nzima ananipigia kelele sikioni nivute, nivute zaidi, na tena ni mwepesi kuliko mimi. Nilimshusha. Nilihitaji uzito wa mke wangu, si wa mtu mwingine, na hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo mume yeyote angenionya. Tukiwa tunakula nilimuuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, ana kilo ngapi.

Kijiko kikasimama hewani. "Za nini?"

"Basi tu. Hata najua kwa kukisia."

"Sasa kama unajua, mbona unauliza?"

Mazungumzo yakaishia hapo, na chakula pia kwa upande wangu.

Bahati nzuri mama yangu mzazi alikuwa ametutumia ndengu kutoka shambani, gunia zima. Lilikuwa limesimama jikoni, limeshiba, na nilipolikumbatia kulipima, nikasema moyoni, huyu hapa. Jioni moja mke wangu akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nililishusha ngazi, nikaliketisha kwenye kiti cha nyuma, nikalifunga kwa mikanda ya mpira wa tairi mpaka halikutingishika. Tukaenda zetu. Barabara ya Kangundo, Njiru, tukashuka hadi mtoni na kupanda, tukashuka na kupanda. Pale injini iliposita nilirudia. Nilikuwa na raha, usiniulize kwa nini. Lilikuwa abiria mzuri, halikulalamika hata kidogo.

Shida ilianza na manyunyu. Ndengu zikilowa zinaota, na mama yangu angenisamehe mambo mengi lakini si hilo. Nilikuwa na koti la mvua la mke wangu kwenye sanduku la pikipiki, lile la manjano. Nikalivisha gunia. Kofia ya koti ikawa inapeperuka, nikaikandamiza kwa helmeti yake iliyokuwa imening'inia pembeni. Nilirudi nyumbani kwa kupitia Kayole, polepole kwa sababu ya utelezi, na sikujifikiria nilivyoonekana. Watu wawili watatu walinipungia mkono. Mmoja alinipigia mluzi.

Mke wangu alikuwa amefika kabla yangu. Nilimkuta amekaa mezani, chai yake haijaguswa, mikono ameikunja kifuani.

"Umembeba nani?"

"Wapi?"

"Mama mboga alikuwa Spine Road kununua sukuma. Amenipigia simu. Anasema, Mama Kwaya, mzee wako amepita hapa na mwanamke mnene amevaa koti lako na helmeti yako, amemlalia mgongoni. Mpaka boda boda ya stejini imemwona. Ni nani?"

Nilitaka kucheka na nilijua nikicheka nimekwisha. "Ndengu," nikasema.

"Anaitwa Ndengu?"

"Si mtu. Ni ndengu za mama. Teremka uone."

Alitangulia kushuka ngazi, nami nyuma kama mshtakiwa. Getini, mama mboga alikuwa ameshafika na alikuwa akipanga nyanya zilizokwisha kupangwa. Pikipiki ilikuwa pale, na juu yake lile gunia, limeinama kidogo mbele, koti la manjano limeng'ang'ania mabegani yasiyokuwepo. Mke wangu alilizunguka. Akavua helmeti. Akafungua zipu ya koti, akabonyeza gunia kwa kidole. Ndengu zikalia ndani.

Mama mboga ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akakaa chini juu ya kreti. "Woi, Mama Kwaya, nisamehe! Na vile alikuwa amelalia huyu mzee kwa mahaba!"

Mke wangu hakucheka. Akaniuliza ni kwa nini, nami nikamwambia yote hapo hapo, mbele ya nyanya na mama mboga: vyumba vyeupe, daraja la Donholm, kwamba haiponi mpaka apande na yeye hapandi mpaka ipone, na kwamba nilikuwa nimechoka kurudi kutoka Ziwani peke yangu. Nilimwambia nimemkosa mgongoni. Sijui kama nilikuwa nimewahi kumwambia jambo kama hilo hadharani, watu wakisikia.

Alilitazama gunia. "Ndiyo maana uliniuliza kilo."

"Ndiyo."

"Na ukaamua mimi ni gunia zima."

"Lilikuwa karibu karibu."

Hapo akacheka. Alicheka ameshika mkono wa pikipiki, machozi yanamtoka, na mama mboga akaanza upya. Alipopata pumzi akagonga mikanda ya mpira kwa ukucha.

"Na huyu umemfunga wewe. Mimi nilikuwa najifunga mwenyewe." Kisha akaniambia, sasa bila kicheko, "Gunia halina uoga, baba watoto. Likirushwa halijui limerushwa. Ukitaka kujua inasitia wapi, muulize mwenye kurushwa. Lirudishe jikoni. Kesho napanda mimi."

"Si ulisema mpaka ipone?"

"Nilisema nitalala ikishapona. Kupanda nitapanda."

Hakuwa amesema hivyo, lakini mimi ni nani wa kumbishia.

Tukaanza. Jioni nikitoka kazini ananisubiri getini na helmeti mkononi. Leso haikutoka, alishika kiuno changu kwa mikono miwili, macho wazi. Tulikubaliana kwamba kila akihisi injini imesita atanigonga begani, nami nitarudia pale pale, mwendo ule ule, mpaka isite kidogo au iache. Kupanda kutoka mtoni Njiru alinigonga mpaka bega likauma. Ananigonga, nageuza, tunashuka, tunapanda tena. Wauza miwa wa pale walidhani tumepoteza kitu. Siku iliyofuata alinigonga kidogo. Wakati mwingine alinigonga na mimi sijahisi chochote, nikabisha, tukarudi, na kweli ilikuwepo, ndogo kama mtu aliyejikwaa kwenye kapeti. Alisema kwenye kwaya pia wapo wanaokosa pumzi katikati ya neno na wenyewe hawajui.

Nilizipenda jioni hizo. Hatukuwa tumetoka pamoja bila safari ya maana tangu watoto wakiwa wadogo, na sasa watoto wako shule za bweni, nyumba ina mwangwi. Tukirudi ananunua mahindi ya kuchoma barabarani, tunakula tumeegemea pikipiki inayolialia kwa kupoa. Siku moja rafiki yangu wa Kayole alitupita akasimama, akamsalimia mke wangu kwa adabu zote, "Sasa, shemeji," kisha akanivuta kando kuniuliza nimeshafikia spidi gani. Nilimwambia polepole mno. Akasikitika kwa niaba yangu.

Fundi aliposoma kiboksi mara hii, vile visanduku vyeupe vya katikati vilikuwa vimejaa rangi. Akampa mke wangu mkono, akamwambia amefanya kazi ya fundi. Mke wangu akamuuliza basi kwa nini fundi huyo mwingine hajalipwa, na yeye akainama kutafuta spana ambayo haikuwa imepotea.

Ikaja Jumapili. Ibada ilikuwa ndefu, kwaya iliimba mara nyingi, na baadaye tulikunywa chai kwa mama mkwe, pale pale Ziwani, mpaka jua likaanza kulala. Tulipotoka nilipanda, nikawasha, nikasubiri. Nilihisi pikipiki ikishuka alipoketi. Kisha sikuhisi mikono kiunoni. Nilisikia zipu ya mkoba. Leso ikaja upande wa kushoto, ikaja upande wa kulia, vidole vyake vikakutana tumboni kwangu, vikafunga. Mikono ikaingia kwenye mifuko ya jaketi langu, nami nikaogopa kuuliza.

Barabara ya Jogoo ilikuwa imepungua magari. Niliendesha nikisubiri mkono begani. Kwenye taa nilisimama na kuondoka, hakugonga. Nyuma ya basi nikavuta kidogo, nikaachilia kidogo, pale ambapo zamani ingeruka. Hakugonga. Moyo ulikuwa ukinidunda kama wa mwanafunzi anayesubiri jina lake lisomwe. Daraja la Donholm likaja, na mbele yetu, kama lililoagizwa, lori la mchanga. Nikavuta mafuta. Injini ikapokea uzito wetu wote, ikaubeba hadi juu kwa sauti moja nene isiyokatika. Nilisubiri kugongwa begani.

Badala yake ikaja ko, mgongoni. Halafu ko. Halafu ko.

Sikutaka kuamini, nikapunguza mwendo, nikagusa mikono yake ndani ya mifuko yangu. Ilikuwa imelegea. Kichwa chote, na helmeti yake, kimenilalia kati ya mabega, na ule uzito niliokuwa nimeutafuta kwa kiboksi na kwa ndengu umenikaa mahali pake. Nikaushika mkono wake mmoja na kuubana kwangu, nikaendesha kwa mkono wangu wa kulia, na nikajikuta ninaimba chinichini wimbo walioimba asubuhi, mimi ambaye kanisani huambiwa ninyamaze.

Kona ya kwetu Komarock ikafika. Niliwasha indiketa kwa mazoea. Kisha nikaizima, nikaenda zangu na Barabara ya Kangundo, polepole, mpaka taa ya petroli ilipowaka.